Moshi wa Orville, Kuni za Armand

Jeannine Pelkey alikuwa na nyumba nzuri yenye joto ng'ambo ya barabara, na hakuweza kuiingia. Hakufukuzwa na mtu. Alijifukuza mwenyewe, mbele ya watu, kwa mdomo wake, na sasa mdomo huohuo ulikuwa unatetemeka kwa baridi jikoni kwa dada yake Claudette, mbele ya chai iliyochemshwa kwa majani ya jana.

Chanzo chake ni boila. Huku kaskazini mwa Vermont, mtu mwenye msitu wake hanunui mafuta ya kupashia nyumba joto labda awe amerukwa na akili. Anaweka boila uani, kibanda cha bati chenye moto tumboni na maji yaliyouzunguka, na mabomba yanapita chini ya ardhi kupeleka maji ya moto ndani ya nyumba. Orville, mume wa Jeannine, alikuwa na lake miaka mingi, na boila lile halikuwa na dini. Lilikula magogo mabichi, mbao zenye misumari, viatu vilivyochoka, na mwaka mmoja lilikula kochi. Orville alilisukumia gogo lenye unene wa ndama, akafunga mlango, akaenda zake dukani kunywa kahawa na wenzake. Moto ukisinzia, moshi unaamka. Ulitoka kwenye dohani fupi, mzito, rangi ya maziwa yaliyoharibika, ukatambaa chini kwa chini, ukavuka barabara, ukapiga hodi kwa Claudette.

Claudette si wa kuvumilia mambo kama hayo. Alilalamika kwa serikali ya jimbo, na jimbo lina viwango vyake kuhusu maboila haya, moshi kiasi gani na joto kiasi gani kwa kuni kiasi gani. Wakampelekea Orville habari kwamba boila lake limepitwa na wakati, lakini akikubali lipondwe liwe chuma chakavu atasaidiwa kununua jingine la kiwango kipya, linalouchoma hata moshi wake lenyewe kabla haujatoka nje. Orville alikuna kidevu, akakubali. Siku lori lilipokuja kulichukua lile la zamani alivua kofia, na Jeannine, aliyekuwa dirishani, alimwona anafuta jicho. Mtu mzima, jamani, analilia bati.

Boila jipya likafika Oktoba, limepakwa rangi ya kijani, lina vitufe na taa ndogo. Orville akavimba kichwa. Jumapili, baada ya misa, aliwaita watu, kwaya nzima ikiwemo, waje walione, wakaja na makoti yao ya kanisani, na Jeannine akawakaangia maandazi.

"Tazameni dohani," Orville akasema. "Mtatazama mpaka macho yaume. Hamtaona kitu."

Akalijaza kuni. Sasa kuni zenyewe ndizo kiini cha maneno yote haya. Orville alikata miti yake Agosti na kuichoma Oktoba, kwa sababu lile la zamani ndivyo lilivyomzoeza. Gogo bichi ndani ya boila lile lililala likafuka mpaka asubuhi, na yeye akaamini, kama wanaume wote wa barabara ile walivyoamini, kwamba kuni mbichi ndiyo inayodumu. Aliyeuza boila jipya alimwambia lataka kuni zilizokauka miaka miwili. Orville alicheka njiani mpaka nyumbani.

Boila la kijani lilijaribu, maskini. Lilinguruma, likakohoa, taa zikapepesa, halafu likatapika moshi ambao hata lile la zamani lingeuonea haya. Uliwafunika watu wote uani. Mama mmoja akapoteza wigi. Maandazi yakanuka kama ngozi iliyoungua. Na Jeannine, aliyekuwa amefua mashuka yote ya nyumba Jumamosi na kuyaacha kwenye kamba, akapanda kizingitini akasema kwa sauti ambayo kwaya nzima iliisikia.

"Orville Pelkey, nimekula moshi wako tangu nina kiuno. Naondoka. Sitatia mguu humu mpaka dohani hiyo iache kutoa moshi, na hawa wote ni mashahidi."

Akachukua begi, akavuka barabara. Kwa hasira zile hakukumbuka upepo unaelekea wapi. Alikimbia moshi akahamia ulikokuwa unaenda.

Ikafika Desemba. Orville alikuwa bado anafukiza barabara nzima, na Jeannine alikuwa anakijua vizuri kilichoharibika. Kuni ikikauka ukiigonga na mwenzake inalia kengele. Za Orville ukizigonga zinatoa sauti ya kofi kwenye unga uliokandwa. Siku moja alimfuata mpaka kwenye rundo lake akamwambia hivyo, kwa upole kabisa.

"Kuni zako mbichi, mume wangu."

Huku unaweza kumwambia mwanamume gari lake bovu, mbwa wake mjinga na mama yake hajui kupika, na akacheka. Mwambie kuni zake mbichi, hamtasalimiana mpaka theluji iyeyuke.

"Mimi nafundishwa kuni," Orville akasema. Hakumwambia yeye, aliliambia rundo. "Na mtu aliyehama nyumba."

"Hizi zinatoa maji, Orville."

"Ni jasho. Kuni nzuri inatoa jasho. Hilo boila ndilo halina akili, limejaa vitufe."

Basi Jeannine akarudi kwa Claudette, na kwa Claudette, jamani, hakukaliki. Dada mtu alikuwa mkubwa kwake kwa miaka minane na mkono wa birika tangu kuzaliwa. Alipasha nyumba joto kwa mafuta, kwa kipimo ambacho maziwa yangeweza kukaa mezani bila kuganda wala kuchacha. Walilala na kofia za sufu. Asubuhi Claudette alivaa sweta tatu kabla ya kuweka birika motoni, kisha akampimia mdogo wake siagi kwa ncha ya kisu. Jeannine alitamani nyumbani kwake mpaka kifua kilimuuma. Alitamani kiti chake kando ya bomba la joto, alitamani sakafu ya kukanyaga miguu mitupu, na, ingawa hangekiri hata kwa kuchapwa, alitamani kukoroma kwa yule kichwa ngumu. Lakini kula matapishi yake mbele ya kwaya nzima, hapana.

Kichekesho ni kwamba nyuma ya nyumba ile ya barafu kulikuwa na banda lililojaa kuni kavu mpaka darini. Zilikuwa za marehemu Armand, mume wa Claudette. Armand alikuwa fundi wa kuni. Alipasua, akapanga, akagonga moja moja akisikiliza, na iliyomridhisha aliitia kidoa cha chaki ya bluu kwenye ncha. Alilijaza banda lile majira ya mwisho ya uhai wake, akaingia ndani kula, akaegemea meza, akafa kabla ya supu, bila hata kuaga. Claudette alitia kufuli mlangoni. Jiko la kuni akaliuza, akaingiza mafuta, na miaka mitano hakutoa hata kijiti. Ukimtajia kuni zile, anainuka kwenda kufagia.

Jumatatu moja Orville alivuka barabara, akasimama kwenye theluji chini ya ngazi, kofia yake ya mistari mkononi.

"Yule Kittredge wa jimbo anakuja Ijumaa," alisema. "Anakuja kusoma moshi."

"Kuusoma vipi?"

"Ameusomea. Kuna shule kabisa. Anasimama anatazama, anakwambia ni mwingi kiasi gani. Ukizidi kiwango, nalizima mpaka lirekebishwe."

"Na nyumba?"

"Nitatoa maji kwenye mabomba yasipasuke, nifunge, niende kwa ndugu yangu Florida mpaka Aprili."

"Na mimi?"

Orville aliangalia nyumba ya Claudette kuanzia paa mpaka ngazi. "Wewe si una kwako," akasema. Halikuwa tusi. Alilisema kama mtu aliyemeza mfupa.

Jeannine aliingia ndani akaketi na koti lake. Mpaka Aprili. Siagi ya ncha ya kisu mpaka Aprili. Alilia kidogo, akaacha kwa sababu machozi yalikuwa ya baridi.

Kesho yake alasiri Claudette alikwenda mazoezi ya kwaya ya Krismasi, na Jeannine, alipotoka kumwaga makapi ya chai kwenye bustani, akaona kufuli la banda linaning'inia wazi. Kweli uzee umeingia, akasema moyoni. Akaingia kuchungulia tu. Akachukua kuni mbili akazigonga. Zililia kengele mpaka mwili ukamsisimka.

Dhambi ina njia yake ya kurahisisha mambo. Sleji ya plastiki, ile ya wajukuu kutelezea kwenye theluji, ilikuwa imeegemea ukuta palepale. Orville saa ile lazima yuko dukani anaitukana serikali. Jeannine alichukua kuni kutoka safu ya nyuma kabisa, ili ya mbele isimame kama ilivyokuwa, kama panya anavyoutoboa mkate kwa ndani. Akajaza sleji, akavuka barabara roho mkononi, akazipanga mbele ya boila, pale ambapo mkono wa mtu mvivu hufika kwanza. Akarudia safari mpaka mgongo ukagoma. Jumatano hivyo hivyo, dada tena kwaya, kufuli bado wazi. Alhamisi hivyo hivyo.

Kilichomtia hofu ni alama za sleji kwenye theluji, mistari miwili mirefu toka banda la mjane mpaka kwa mumewe, mtoto wa chekechea angeifuata. Lakini kila alipoamka mistari haikuwepo. Akaushukuru upepo. Na moshi, Alhamisi, ulikuwa umepungua mpaka wazee wa dukani wakauliza kama Orville amekufa.

Ijumaa anga lilikuwa safi kabisa. Kittredge alifika na gari la jimbo, kijana mrefu mwenye masikio mekundu. Jeannine alitaka kutazamia dirishani, lakini Claudette alikwisha vaa koti juu ya sweta tatu.

"Mimi ndiye nililalamika," alisema. "Lazima niwepo. Twende."

Wakasimama wanne uani. Kittredge aliligeuzia jua mgongo, akatazama dohani, akatazama saa, akaandika, akatazama tena. Kisha akakunja uso.

"Mzee, umeliwasha kweli?"

"Weka mkono hapo," Orville akasema.

Kittredge akaweka, akautoa haraka. Juu ya dohani hewa ilitetemeka kidogo kama inavyotetemeka juu ya barabara siku ya jua kali, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Mti wa nyuma ulionekana mpaka kitawi cha mwisho.

Hapo Orville angenyamaza, mambo yangeisha. Lakini Orville kunyamaza anakusikia kwa watu.

"Ni kuni, bwana afisa," alisema, vidole gumba kwenye mikanda ya suruali. "Boila ni boila tu. Siri ni kuni. Mimi kuni zangu nazikausha mwenyewe. Watu wa siku hizi hawana subira, wanachoma mbichi, halafu wanalaumu mitambo."

Jeannine aliuma midomo mpaka akasikia chumvi.

"Naomba nipime moja," Kittredge akasema. Akaokota kuni, akaiweka kwenye kigogo, akaipasua kwa shoka mara moja, ikalia. Akachomeka kipima unyevu ndani. Akakitazama, akakipiga-piga kwenye goti, akachomeka tena. "Hii sijawahi kuiona. Hii ni kavu kama biskuti. Umezihifadhi miaka mingapi?"

Orville akaanza kuhesabu kwa vidole, akarudia tangu mwanzo. Nusu moja ya kuni ilikuwa imebiringika mpaka kwenye kiatu cha Claudette, na ncha yake ilikuwa imemwelekea yeye, na kidoa cha bluu katikati.

Claudette alikitazama. Akainama polepole, akaiokota, akaifuta theluji kwa glavu. Jeannine akajisogeza nyuma ya mumewe.

"Mitano," Claudette akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Zilikuwa za mume wangu. Nimempa shemeji yangu." Alisema kwa sauti ileile anayoombea chumvi. "Na yale malalamiko yangu yafute."

Kittredge akafuta, akawapa mikono wote, akaondoka. Orville alibaki anaangalia ncha za viatu vyake.

Ndani ya nyumba ya barafu Jeannine alipanga begi huku analia, safari hii bila kujali baridi.

"Dada, nilikuibia. Nilikuta kufuli wazi, nikasema umesahau, nikaingia. Nipige, nitukane, lakini usikae kimya hivyo."

"Unadhani kufuli lilichoka likajifungua lenyewe?"

Jeannine akasimama na soksi mkononi.

"Nilimsikia Jumatatu pale kwenye ngazi," Claudette akasema. "Mpaka Aprili. Nikakaa usiku kucha natafakari wewe humu mpaka Aprili. Unaimba ukioga. Unahamisha vikombe vyangu. Unabishana na redio, na mbaya zaidi unaisubiri ijibu."

"Ungeniambia niondoke."

"Nimfukuze ndugu yangu? Halafu kwaya ingesema nini?" Akajitia kuweka sawa shuka la kitanda. "Na hata hivyo."

"Hata hivyo nini?"

"Nilikwenda mwenyewe kwanza. Jumatatu hiyohiyo, uliposinzia na koti. Nilifungua nikasema nitamtolea hata sleji moja. Nikainua kuni moja. Nikairudisha. Mkono ulikataa, Jeannine. Kila moja aliigonga akaisikiliza." Akalinyoosha tena lile shuka. "Ilibidi aibe mtu."

Jeannine akamkumbatia, sweta tatu na vyote, na Claudette akastahimili kwa muda wa kutosha, kisha akasema inatosha.

"Lakini mdogo wangu, wizi huna kipaji. Mistari ile ya sleji hata kipofu angeiona. Nilikuwa najiandaa kuifagia mwenyewe, nikakuta mwenzangu kaniwahi."

"Si ulikuwa upepo?"

"Upepo wenye kofia ya mistari, na ufagio wa ngazi zenu. Kila alfajiri, kuanzia kwake mpaka mlangoni pa banda langu, anarudi kinyumenyume. Alidhani nimelala."

Jeannine aliketi kitandani. Kumbe yule jeuri alijua. Kumbe alizishika kuni zile akaona vidoa vya bluu, akajua zimetoka wapi na nani amezivuta, akajitia hamnazo, halafu akaamka gizani na goti lake bovu kumficha. Na kukubali tu kwamba zake ni mbichi ndiko kulikomshinda. Alicheka mpaka akashika mbavu, akachukua begi, akavuka.

Orville alikuwa mlangoni. Alikuwa amefagia ngazi upya bila sababu.

"Haitoi moshi," akasema.

"Nimeona."

"Basi, kiapo chako kimekwisha."

"Kimekwisha. Ila kabla sijaingia nataka kusikia neno moja kuhusu kuni zako."

Orville aliangalia msitu, akaangalia anga, akaangalia boila kama linaweza kumtetea. Alimeza mate.

"Zina jasho," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetolewa jino, "Jingi."

Jeannine aliona hapo amefika mbali sana kwa mwanamume wa barabara ile, akaingia, akavua viatu na soksi, akasimama sakafuni miguu mitupu, macho amefumba.

Mkesha wa Krismasi, kabla jua halijazama, pai ya nyama ikiwa tanurini, Jeannine alichungulia dirishani akamwona dada yake anakuja. Alikuwa anavuta sleji. Alivuta kama anavyofanya kila jambo, bila kutazama pembeni, na juu ya sleji kulikuwa na kuni, zimepangwa vizuri, vidoa vya bluu vyote upande mmoja. Orville alikwisha inuka kwenda kumsaidia. Jeannine akamshika mkono. Wakatoka wakasimama ngazini tu.

Claudette alifungua mlango wa boila mwenyewe. Aliinua kuni ya kwanza, akaigonga kwa ya pili, akasikiliza, akaitia ndani. Alifanya hivyo moja moja mpaka sleji ikabaki tupu. Kisha akafunga mlango, akarudi hatua kadhaa, akainua uso kutazama dohani, na wale wawili wakatazama naye. Hapakutoka kitu. Hewa ilitetemeka kidogo, basi.

"Huyo ndiye Armand," Claudette akasema. "Akiondoka haagi."

Orville alikuwa amevua kofia.

Claudette alijifuta pua kwa glavu, akawapita ngazini, akaingia. Ndani akavua koti, akavua sweta, akavua sweta ya pili, akasita kidogo, akavua na ya tatu, akaketi kwenye kiti cha Orville kando ya bomba la joto na kuwauliza hiyo pai inaiva lini.